Barua Chini ya Kuku

Juzi nilivaa koti la marehemu. Nililivaa mbele ya waombolezaji wote, mikono yake ikinipita vidole, nikatembea nikichechemea kama alivyokuwa akitembea mwenyewe, nikawauliza watoto wake kwa sauti yake ya kukwaruza ni nani aliyewaruhusu kulia kabla hawajanipikia. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na katika ukoo wetu wa Wazigua nilikuwa nimebaki mimi tu wa kuifanya kwa Mzee Shija, Mnyamwezi wetu. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa haya. Lakini koti lile lilinuka ugoro na majani mabichi ya mkonge, na harufu ilipopanda puani nilirudi kuwa mtoto wa miaka minane ambaye kwa siku tisa nzima aliamini kwamba mzee huyu anataka kumwoa.

Ngoja nieleze taratibu, maana ndugu zangu wakihadithia kisa hiki kila mmoja hukianza pale anapoonekana yeye ni mwema.

Nilikuwa nimeletwa kwa Bibi kutoka Dar es Salaam, baba alipohamishwa kikazi na mama kumfuata kutafuta nyumba. Bibi aliishi nje kidogo ya Korogwe, ukipita Kilole, katika nyumba iliyokuwa ya meneja wa shamba la mkonge. Babu alikuwa karani kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Shamba lilipokufa aliambiwa ailinde nyumba mpaka wenyewe warudi. Hawakurudi. Babu akaendelea kulinda mpaka akafa, na Bibi akaendelea kulinda kwa kupanda mihogo pale penye maua.

Ilikuwa nyumba ya ajabu. Ilikuwa na baraza pana pande tatu, milango mirefu isiyofungika vizuri, na sebuleni, katika joto lile la Korogwe, mahali pa kuotea moto! Pamejengwa ukutani kwa matofali, pana rafu ya mbao juu na dohani inayopanda mpaka paani. Sijui aliyepajenga alikuwa anaogopa nini. Bibi alipaona panafaa sana kwa kuku wanaoatamia, kwa sababu pana kivuli, hapafikiwi na upepo, na kuku akiwa mle ndani hakuna mwewe wala kicheche wa kumgusa. Kwa hiyo mgeni aliyekaribishwa sebuleni kwa Bibi alizungumza muda wote huku akitazamwa na kuku.

Humo tuliishi watatu: Bibi, mimi, na Shangazi Tatu, kitinda mimba wake. Shangazi Tatu alishona nguo barazani. Alikuwa amefika umri ambao ndugu huanza kushusha sauti wanapoutaja. Mtu mwenye maneno machache, vidole vyepesi, na subira ambayo mpaka leo inaniudhi. Ndugu zake wakubwa waliishi mbali kidogo, lakini si mbali vya kutosha. Baba mkubwa Athumani alikuwa analima Kwedizinga, na Shangazi Mwanaidi aliuza chakula kwa abiria wa mabasi pale Mombo. Wote wawili walikuwa na kazi moja ya ziada isiyo na mapumziko, nayo ni kumtafutia Tatu mume.

Mzee Shija alipita kila asubuhi akienda shambani kwake. Hakupiga hodi kama watu wengine.

"Hodi kwa Wazigua! Bado mnapumua humo?"

"Tunapumua," Bibi alijibu bila kuinua kichwa kwenye ungo wake. "Tunasubiri wewe utangulie. Wanyamwezi mlikuja hapa kubeba mizigo ya watu, mkasahau njia ya kurudi."

"Tungerudije, na tulikuta Wazigua hawajui hata kufunga mzigo?"

Kisha alinigeukia. "Na huyu mke wangu anakua! Mlishe, Mzigua, mlishe vizuri. Siku si nyingi naleta barua."

"Lete. Lakini uje na meno, hayo uliyonayo hayatafuni hata wali wa harusi."

Kwetu Dar sikuwa nimewahi kuona utani wa namna hii. Niliona mzee anamtukana bibi yangu kila siku, anatangaza kunioa, na bibi yangu, badala ya kumfukuza na mchi, anajadiliana naye habari ya meno. Nilihesabu watu wa kunitetea nikakuta hakuna.

Halafu Alhamisi moja alikuja amevaa koti. Alipiga hodi ya kawaida, akavua viatu, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Bibi akatoa ungo mapajani, akajifunga kanga vizuri.

"Mama, nimetumwa," Mzee Shija alisema.

"Karibu, baba."

Walikuwa wameitana mama na baba! Mtu anayekutukana kila siku, siku akiacha, ujue jambo ni zito. Akatoa leso nyeupe, na ndani ya leso bahasha ya rangi ya waridi, akampa Bibi kwa mikono miwili. Alipokuwa anaondoka alinikonyeza.

"Bibi," niliuliza tulipobaki wawili, "ile ni barua ya posa?"

"Ni ya posa."

"Ya nani?"

"Watoto hawaulizi hayo."

Basi, nikaelewa kila kitu, na kila kitu nilichoelewa kilikuwa kosa. Ukweli ni kwamba Mzee Shija alikuwa mshenga. Ametumwa na Ramadhani, fundi wa mitambo, kijana mpole aliyekuwa akileta suruali zake zishonwe hata zisipochanika. Lakini mshenga hamtaji mposaji kwa mdomo, barua ndiyo inayosema, na barua haifunguliwi mpaka afike mwanamume mkubwa wa ukoo. Bibi akaiweka juu ya ile rafu ya mbao, akamtumia Baba mkubwa salamu kwa dereva wa lori.

Jioni ile, Bibi akiwa jikoni, nilipanda kigoda nikaichukua. Kuichana niliogopa, kwa sababu madrasani tulifundishwa kwamba karatasi iliyoandikwa huenda ina jina la Mwenyezi Mungu. Kuificha kwenye begi langu ilikuwa sawa na kujitangaza. Nikamtazama kuku, kuku akanitazama. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia, na katika nyumba ile sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja, kwamba kuku anayeatamia haguswi mpaka aangue. Alinidonoa mara tatu, lakini barua iliingia chini ya mayai.

Baba mkubwa alifika Jumapili, na Shangazi Mwanaidi akafika naye, ingawa hakuitwa na mtu. Bibi akainua mkono kwenye rafu. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Nani amechukua barua?"

Bibi akamtazama Mwanaidi.

"Usinitazame hivyo, mama. Mimi nina haja gani na barua ya Mnyamwezi? Muulize Athumani, ndiye mwenye mtu wake Kwedizinga."

"Mimi? Nimeingia sasa hivi, hata maji sijanywa! Wewe ndiye una yule mwenye duka wako wa Mombo."

"Afadhali duka kuliko mahindi."

"Duka halipaliliwi, ndiyo maana unalipenda."

Waliitafuta kwenye pipa la unga, chini ya magodoro, ndani ya sufuria la maji, na kwenye begi langu la shule. Baba mkubwa alipoinama kutazama chini ya kuku, Bibi alimpiga kofi la mgongoni. "Atasusa mayai! Barua itajipeleka vipi huko?"

Ndipo Shangazi Tatu akasema kutoka kwenye cherehani, polepole, kama anayeuliza bei ya uzi: "Si mumuulize Mzee Shija mwenyewe ilitoka kwa nani?"

Wote watatu wakamgeukia kama amesema twende uchi sokoni.

"Nimwambie Mnyamwezi nimepoteza barua yake?" Bibi aliuliza. "Atanicheka mpaka siku ya mazishi yangu. Na siku hiyo ndiyo atacheka zaidi."

Nikifika hapa huwa natamani niingie ndani ya kumbukumbu yangu niwashike mabega niwatikise. Watu wazima watatu, wenye akili zao, walikaa wakanywa chai, wakaamua kwamba njia bora ni kunyamaza na kusubiri. Kusubiri nini, hawakusema. Kila asubuhi Mzee Shija alipita akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mke wangu, jibu langu vipi?" na Bibi akashikwa na kikohozi. Mimi nilikimbilia chooni.

Na Shangazi Tatu je? Msomaji atauliza kwa nini hakusema. Nami niliwahi kumkasirikia kwa hilo kwa miaka mingi, mpaka nilipokua nikaelewa. Binti hakutakiwa kujua lolote juu ya barua yake. Angesema ni ya Ramadhani, wangeuliza umejuaje, na hilo la kujua lingetosha kuikataa. Alikuwa amefungwa pande zote mbili, akaendelea kushona.

Tatizo ni kwamba barua ya posa ina siku zake. Kwetu zilikuwa saba, na kimya baada ya hapo ni jibu, tena jibu la hapana. Siku ya saba ikapita. Ramadhani akasikia kuna kazi kwenye mashamba ya Kilosa, akafunga vifaa vyake.

Ndugu zangu nao hawakukaa bure. Shangazi Mwanaidi alitangaza kwamba barua iliyopotea haikuwa riziki, akamwalika mwenye duka wa Mombo chakula cha mchana Jumamosi. Baba mkubwa alitangaza vilevile, akamwalika mkulima wake wa Kwedizinga. Hawakuambiana. Sijui kwa nini nasema hawakuambiana kana kwamba kuna siku walizoea kuambiana.

Jumamosi asubuhi Shangazi Tatu alikaa barazani kunisuka. Alikuwa amevalishwa gauni jipya ambalo Mwanaidi amelileta, limembana kwapani. Alisuka mistari miwili mitatu, akaacha, akasuka tena. Nikahisi tone la maji utosini. Anga lilikuwa jeupe, halina wingu.

"Shangazi, unalia?"

"Tulia, utaharibu mstari."

"Unalia kwa sababu ya wageni?"

Nadhani alinijibu kwa sababu nilikuwa mtoto, na kumwambia mtoto ni kama kuuambia ukuta. "Ile barua iliyopotea ilikuwa yangu. Na aliyeiandika anaondoka leo na basi la saa tisa."

"Yako?"

"Ya nani mwingine katika nyumba hii?"

Kichwa kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili nywele zimesimama. Nikainuka na kukimbilia ndani.

Wageni wote wawili walikuwa wameshafika. Walikuwa wamekaa sebuleni wakitazamana, sinia la pilau katikati. Shangazi Mwanaidi alikuwa amemnong'oneza mwenye duka kwamba yule mwingine ni fundi wa kuangalia bati. Baba mkubwa naye alikuwa amemwambia mkulima kwamba yule mwenye miwani ni mnunuzi wa mbuzi. Mkulima alikuja na mbuzi wa zawadi, amemfunga kwenye mguu wa kiti, na kila mwenye duka alipomtazama yule mnyama kwa wasiwasi, mkulima alivuta kamba.

"Huyu hauzwi, ndugu."

"Sijamuuliza bei."

"Naona unavyomwangalia."

"Na hizo bati," mwenye duka alisema kwa hasira, "utazipanda saa ngapi?"

"Bati gani?"

Hapo ndipo nilipopita kwa magoti kati ya miguu yao, nikaingiza mkono wote mahali pa kuotea moto. Kuku alipiga kelele kama anachinjwa. Aliruka juu ya sinia, akatua begani kwa mwenye duka, akaruka tena. Mbuzi akavuta kiti, mkulima akiwa bado amekikalia. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapaza sauti kwa Kizigua maneno ambayo sitayatafsiri. Nami nilisimama katikati ya sebule, nusu nimesukwa, damu inanitoka kidoleni, nimeshika bahasha ya waridi iliyokuwa na kinyesi upande mmoja na manyoya upande mwingine.

"Ni mimi," nilisema. "Nilidhani ni yangu. Nilidhani Mzee Shija anakuja kunioa."

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiegemea mlango, akaishia kukaa sakafuni. Mwanaidi akafuata, kisha hata wageni. Baba mkubwa, kwa mazoea tu ya kuwa mwanamume mkubwa wa ukoo, alivaa miwani akafungua barua akaisoma kwa sauti, kwa heshima naomba posa ya binti yenu Tatu, mimi Ramadhani, fundi. Alipofika kwenye jina, alikumbuka nani amekaa mbele yake, sauti ikafa.

Mwenye duka akaweka kijiko chini. "Binti yenu yupi?"

"Kwa hiyo huyu si mnunuzi wa mbuzi?" mkulima akauliza.

Ndipo ubishi ulipoanza. Mwanaidi alisema barua yenye kinyesi si barua. Baba mkubwa alisema siku zimepita. Bibi alisema siku zinahesabiwa tangu ilipofunguliwa, na imefunguliwa sasa hivi. Mwanaidi akauliza ni nani basi atakayekwenda kumweleza Mnyamwezi kwamba barua yake imeatamiwa, na wote wakaanza kutajana. Wewe mkubwa. Wewe mama. Wewe ndiye mwenye mdomo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka Ramadhani azeekee Kilosa.

Shangazi Tatu alichana karatasi kwenye daftari lake la vipimo. Aliinama juu ya meza ya cherehani akaandika mistari miwili, akaja akaiweka mbele ya Baba mkubwa, akamtia kalamu mkononi.

"Tia sahihi, kaka."

Baba mkubwa alimtazama Mwanaidi, akawatazama wageni, akamtazama mbuzi.

"Tia sahihi."

Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile, na nadhani wao pia hawakuwahi. Akatia sahihi. Shangazi akaikunja karatasi, akanipa mimi.

"Wewe ndiye uliyeiingiza. Utaitoa wewe. Kimbia kwa Mzee Shija."

Nilikimbia katikati ya mistari ya mkonge uliozeeka, miiba ikinikwaruza miguu, karatasi imeanza kulowa jasho. Mzee Shija alikuwa kivulini mwa nyumba yake, anasokota kamba. Aliponiona alifungua mdomo kuanza matusi yake ya kila siku, kisha akaona nywele zangu, na damu, na machozi, akaufunga.

"Ni ya Shangazi Tatu," nilisema. "Jibu. Barua niliificha chini ya kuku, nilidhani unanioa mimi. Bibi ameona aibu kukwambia. Na gari linaondoka saa tisa."

Aliisoma mara moja. Nilisubiri acheke. Alikuwa amepewa aibu ya Wazigua wote kwenye sinia, ya kutosha miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na hakucheka. Aliniangalia tu, kwa makini, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga kitu bila kujua.

"Siku zote hizi ulikuwa unaogopa?"

"Ndiyo."

"Na mimi? Jibu langu ni lipi?"

"Nimekataa," nilisema.

Alivua kofia yake. "Nimesikia, mama," akasema, kwa sauti ileile aliyomwambia Bibi siku ile ya koti. "Umekataa, na imekwisha. Hutasikia tena." Na kweli sikusikia tena; katika maisha yangu yote hakuwahi tena kuniita mke. Kisha akapanda baiskeli, akapotea kuelekea stendi, koti halijafungwa, anapiga kengele hata pasipo na watu.

Nilirudi polepole. Nyumbani wageni walikuwa wameondoka kwa pikipiki moja pamoja na mbuzi, wameshakuwa marafiki wa kuwasema ndugu zangu. Shangazi Mwanaidi alikuwa anamweleza Bibi kwamba yeye tangu mwanzo alimwona Ramadhani ni mtu wa maana, ila hakutaka kuingilia. Baba mkubwa alikuwa anasema kama si sahihi yake, leo tungekuwa wapi. Shangazi Tatu alikaa kwenye ngazi ya baraza na gauni lililombana, akanivuta nikae mbele yake, akaanza kusuka upande uliobaki. Mistari ilitoka imepinda yote. Nilikaa nayo hivyo wiki mbili.

Alikuwa kwenye msuko wa mwisho baiskeli ilipotokea njiani. Mzee Shija anaendesha kwa shida, na nyuma yake kwenye keria Ramadhani amekaa upande kama bibi harusi, sanduku la vifaa mapajani, vumbi mpaka kwenye kope. Alishuka akasimama mbele ya ukoo mzima asijue aweke wapi mikono.

Baba mkubwa alitoka barazani, akaiweka sawa kanzu yake, akamtazama kijana kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe nawe," alisema, "mbona umechelewa hivi?"